Kichwa Kuuma Baada ya Sindano ya Mgongo: Dawa Zinazosaidia na Wakati wa Kurudi Hospitalini

Mama amejifungua kwa upasuaji siku ya Jumatatu. Jumatano anaruhusiwa kwenda nyumbani na mtoto mwenye afya. Alhamisi asubuhi anaketi kumnyonyesha, na kichwa kinamshika kuanzia kisogoni hadi kwenye paji la uso. Shingo imekaza na masikio yanavuma. Akijilaza, maumivu yanapungua baada ya muda mfupi. Akiinuka tena, yanarudi. Jirani mmoja anasema ni presha. Mwingine anasema ni uchovu wa kulea. Wa tatu anasema hiyo ndiyo hasara ya kukubali kudungwa mgongoni. Mume anatumwa dukani kununua vidonge, aina yoyote itakayopatikana.

Haya hutokea katika nyumba nyingi, na si kwa akina mama peke yao. Mwanamume aliyepasuliwa ngiri au tezi dume, kijana aliyerekebishwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, na mgonjwa aliyetolewa maji ya uti wa mgongo ili yapimwe, wote wanaweza kupata maumivu ya aina hii. Mara nyingi yana dawa na huisha bila kuacha madhara. Lakini kuna maumivu mengine ya kichwa yanayofanana nayo ambayo ni hatari, na anayekaa nyumbani akimeza vidonge bila kupimwa anaweza kuchelewa. Makala hii inaeleza tofauti hiyo, dawa zinazotumika, na dawa zinazotajwa sana ingawa ushahidi wake ni mdogo.

Sindano ya mgongo hufanya nini

Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji safi yaliyofungiwa ndani ya utando mgumu. Maji hayo ni kama mto wa kulalia: yanaubeba ubongo ili usigongane na mifupa ya fuvu. Mtu mzima huwa nayo kiasi cha mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza karibu mililita 500 kila siku huku ukifyonza yale ya zamani.

Daktari au mtaalamu wa ganzi anapotaka kufanya sehemu ya chini ya mwili isihisi maumivu, hupitisha sindano nyembamba katikati ya pingili za sehemu ya chini ya mgongo, akaingiza dawa ya ganzi ndani ya maji hayo. Baada ya dakika chache mgonjwa hahisi maumivu kuanzia tumboni kwenda chini, ilhali yuko macho. Kwa upasuaji wa kujifungua, njia hii hupendelewa kwa sababu mama hahitaji kulazwa usingizi wala kuwekewa mpira wa kupumulia kooni, na anaweza kumwona mtoto wake mara anapozaliwa.

Wakazi wengi huuliza kama sindano hii inaweza kuukata uti wa mgongo na kumpoozesha mtu. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia juu ya mahali sindano inapoingizwa. Pale chini kuna maji na mishipa ya fahamu inayoelea ndani yake, nayo husogea sindano inapopita. Madhara makubwa ya mishipa hiyo yapo, lakini ni nadra sana. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni hiki tunachokizungumzia: kuumwa na kichwa.

Kwa nini kichwa huuma

Sindano ikishatolewa, hubaki kitundu kidogo kwenye utando. Kwa watu wengi kitundu hicho hujiziba haraka. Kwa wengine, maji huendelea kuvuja haraka kuliko mwili unavyoweza kuyarudisha. Maji yakipungua, ubongo hukosa mto wake. Mtu anaposimama au kuketi, ubongo huvutwa kidogo kuelekea chini, nazo tando zilizoushika hunyooka na kuuma. Mishipa ya damu kichwani pia hupanuka ili kujaza nafasi iliyoachwa na maji, na kupanuka huko huongeza maumivu. Akilala chali, mvuto unapungua na nafuu inakuja.

Tatizo hili lina umri sawa na sindano yenyewe. Agosti 1898, katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, daktari August Bier alitumia ganzi ya mgongo katika upasuaji. Baadhi ya wagonjwa wake waliumwa na kichwa. Bier na msaidizi wake, August Hildebrandt, wakaamua kujaribu njia hiyo kwenye miili yao wenyewe. Bier alipoteza maji mengi ya uti wa mgongo katika jaribio hilo, kisha akakaa siku kadhaa na kizunguzungu na maumivu ya kichwa yaliyotulia kila alipolala. Tangu siku hizo madaktari wameshuku kwamba kuvuja kwa maji ndiko chanzo.

Ukubwa na umbo la sindano vina uzito mkubwa. Sindano nene huacha tundu kubwa. Sindano yenye makali hukata nyuzi za utando, lakini ile yenye ncha iliyochongwa kama penseli huzitenganisha, na zinarudiana sindano inapotoka. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 110 na watu zaidi ya 31,000, uligundua kwamba kwa sindano za kawaida karibu watu 11 kati ya 100 waliumwa na kichwa, na kwa sindano za ncha ya penseli ni karibu 4 kati ya 100.

Wanaopata tatizo hili zaidi ni vijana, wanawake, wajawazito, watu wembamba na waliowahi kuumwa na kichwa cha aina hii. Ndiyo maana wodi ya kina mama huliona mara nyingi.

Utaitambuaje

Maumivu ya kichwa yanayotokana na sindano ya mgongo huwa na alama hizi:

• Huanza ndani ya siku 5 baada ya sindano, na kwa wengi kati ya siku ya kwanza na ya tatu.
• Huzidi ukiketi au kusimama, na hupungua ukilala.
• Huhisiwa kwenye paji la uso, kisogoni, au kote kuwili, na wakati mwingine hushuka shingoni na mabegani.
• Yanaweza kuambatana na kichefuchefu, masikio kuvuma au kuziba, na macho kuumizwa na mwanga.

Kwa wengi huisha yenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2. Wachache huendelea kuumwa kwa muda mrefu zaidi, na hao hawapaswi kuambiwa wavumilie tu. Mama asiyeweza kuketi hawezi kumnyonyesha mtoto vizuri, hawezi kujihudumia, na anaweza kuzama katika huzuni. Kutibiwa maumivu haya si kudekezwa.

Dawa za kwanza

Matibabu huanza na dawa za kawaida za maumivu, zikimezwa kwa saa maalumu bila kusubiri kichwa kizidi.

Parasetamoli ndiyo ya kwanza. Kwa mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi, kipimo cha kawaida ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo sana hupewa kiasi pungufu. Parasetamoli inaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha.

Dawa ya pili huwa ibuprofeni au diklofenaki. Hizi hutumika pamoja na parasetamoli kwa sababu hufanya kazi kwa njia tofauti, na kwa kawaida mama anayenyonyesha anaweza kupewa ibuprofeni. Lakini si za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, tatizo la kutokwa na damu, au pumu inayochochewa na dawa za aina hii asizimeze bila daktari kumruhusu. Mama aliyekuwa na shinikizo la juu la damu katika ujauzito aulize kwanza.

Hapa kuna kosa linalojirudia. Mgonjwa aliyepasuliwa hupewa dawa za maumivu anaporuhusiwa kutoka hospitalini, na mara nyingi parasetamoli imo. Kichwa kikianza, familia hununua dawa nyingine dukani bila kujua kwamba ni ile ile kwa jina tofauti. Baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa madukani pia huchanganya parasetamoli, aspirini na kafeini katika kidonge kimoja. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, nayo aspirini haimfai mama anayenyonyesha kama dawa ya maumivu. Soma paketi, na uende na dawa zako zote unaporudi kituoni ili mhudumu azione.

Kafeini: kahawa na chai zina nafasi yake

Kafeini ni kiini kilichomo ndani ya kahawa na majani ya chai. Huibana mishipa ya damu ya kichwani iliyopanuka, na hivyo kupunguza maumivu. Katika dawa zote zilizofanyiwa majaribio kwa tatizo hili, hii ndiyo yenye ushahidi wa kutajika, ingawa tafiti zake ni ndogo.

Mwaka 2015 shirika la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba, lilipitia majaribio 13 yaliyohusisha wagonjwa 479. Ikilinganishwa na dawa bandia, kafeini ilipunguza idadi ya watu walioendelea kuumwa na idadi ya waliohitaji dawa nyingine. Wachambuzi wenyewe walionya kwamba majaribio yalikuwa madogo na mengine hayakufanywa kwa ubora unaotakiwa.

Mwaka 2023 vyama kadhaa vya wataalamu wa ganzi vilitoa mwongozo wa pamoja. Mwongozo huo unasema kafeini inaweza kutolewa ndani ya saa 24 za kwanza tangu maumivu yaanze, isizidi miligramu 900 kwa siku. Kwa mama anayenyonyesha, kiwango hicho hushuka hadi miligramu 200 au 300 kwa siku, kwa kuwa kafeini hupita kwenye maziwa na mtoto mchanga huchukua muda mrefu kuiondoa mwilini. Mtoto aliyepokea kafeini nyingi huwa na wasiwasi, hulia na kukosa usingizi.

Kwa kipimo cha nyumbani, kikombe cha kahawa huwa na kafeini ya miligramu 60 hadi 100 hivi, na kikombe cha chai huwa na miligramu 30 hadi 50, kutegemea ukali wake. Kwa hiyo mama anayenyonyesha akinywa vikombe viwili vya kahawa, au vitatu hadi vinne vya chai ya rangi, ameshakaribia au kufikia kiasi chake cha siku. Kujaza thamosi ya strungi na kuimaliza kila asubuhi na jioni hakuongezi nafuu, na kunaweza kumsumbua mtoto.

Kafeini haimfai kila mtu. Mwenye shinikizo la juu la damu, aliyepata kifafa cha mimba au degedege, au mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa, asiitumie kama dawa mpaka azungumze na daktari. Nafuu yake pia huweza kuwa ya muda: kichwa kinatulia leo na kurudi kesho, kwa sababu kafeini haizibi tundu.

Dawa nyingine unazoweza kuzisikia

Zipo dawa ambazo zimewahi kujaribiwa, na huenda jamaa au mtu wa duka la dawa akakutajia. Ni vizuri ujue kila moja imesimama wapi.

Theofilini na aminofilini ni dawa za pumu zenye undugu na kafeini. Katika majaribio machache zilipunguza ukali wa maumivu. Tatizo ni kwamba tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo: zikizidi, moyo huenda mbio na mtu anaweza kupata degedege. Hazinunuliwi na kumezwa kwa kukisia.

Gabapentini ni dawa ya kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu. Katika uchambuzi wa 2015 ilipunguza ukali wa maumivu, lakini huleta usingizi na kizunguzungu. Mama anayeamka usiku kumbeba mtoto anapaswa kulifikiria hilo. Pregabalini ni ya jamii hiyo hiyo, na ushahidi wake ni mdogo zaidi.

Haidrokotisoni, ambayo ni dawa ya jamii ya steroidi, ilionyesha kupunguza maumivu ilipotolewa kwa njia ya mshipa. Waliojaribiwa ni wachache. Hutolewa hospitalini, kwa uamuzi wa daktari.

Sumatriptani, dawa ya kipandauso, haikuonyesha faida ya wazi kwa maumivu haya, ingawa baadhi ya dalili zinafanana.

Neostigmini pamoja na atropini ni dawa ambazo wataalamu wa ganzi huzitumia katika chumba cha upasuaji. Zimejaribiwa pia kwa maumivu haya katika miaka ya karibuni. Huingizwa kwenye mshipa, chini ya uangalizi.

Mwongozo wa 2023 haupendekezi dawa hizi zitolewe kwa kila mgonjwa kama kawaida, kwa sababu ushahidi wake bado hautoshi. Daktari anaweza kuchagua mojawapo akiwa na sababu. Mgonjwa hana sababu ya kuzitafuta mwenyewe.

Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini, zinaweza kutolewa kwa muda mfupi hospitalini pale maumivu yanapokuwa makali mno. Mama anayenyonyesha asimeze kodeini wala tramadoli alizopewa na rafiki au kununua bila karatasi ya daktari. Zinaweza kupita kwenye maziwa, zikampa mtoto usingizi mzito na kumfanya ashindwe kupumua vizuri.

Dawa zikishindwa

Kama maumivu yanamzuia mgonjwa kuketi, kula au kumhudumia mtoto, na dawa hazijasaidia, kuna tiba inayolenga tundu lenyewe. Mtaalamu wa ganzi huchukua damu kidogo kutoka mkononi mwa mgonjwa, kwa kawaida chini ya mililita 20 au karibu na hapo, na kuiingiza mgongoni nje ya utando uliotobolewa. Damu hiyo huganda na kufanya kazi kama kiraka cha baiskeli. Tiba hii imetumika tangu mwaka 1960. Wengi hupata nafuu kubwa, wengine haraka sana, na baadhi huhitaji kurudiwa mara ya pili.

Haifanywi kwa mtu mwenye homa au maambukizi kwenye damu, wala mwenye damu isiyoganda vizuri. Inaweza kuacha maumivu ya mgongo kwa siku chache. Huhitaji mtaalamu na mazingira safi, kwa hiyo zahanati au kituo cha afya hakitaifanya. Kazi ya kituo ni kukupima na kukupa rufaa hadi hospitali yenye mtaalamu wa ganzi.

Zipo pia sindano za ganzi za kisogoni na dawa ya ganzi inayopitishwa puani, ambazo wataalamu wengine hutumia kutuliza maumivu kwa muda.

Mambo tuliyozoea kuambiwa

"Lala chali bila mto saa 24." Wagonjwa wengi wameambiwa hivi, na wengine wameogopa hata kugeuka. Tafiti zilizolinganisha waliolazwa na walioruhusiwa kuinuka mapema hazikuonyesha kwamba kulala kunazuia maumivu kuanza. Ukishaumwa, lala kadiri unavyopata nafuu. Lakini kukaa kitandani siku nyingi baada ya kujifungua au kupasuliwa huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kwa hiyo inuka na utembee kidogo kila unapoweza.

"Kunywa maji mengi sana." Kunywa maji ya kutosha ni jambo jema, hasa kwa anayenyonyesha, na mtu aliyekaukiwa huumwa zaidi. Lakini kujilazimisha kunywa kupita kiu hakujaonyeshwa kuzuia tatizo hili.

"Funga tumbo kwa nguvu." Mwongozo wa 2023 haupendekezi kufunga tumbo kama tiba ya maumivu haya. Kwa mwenye mshono mpya, leso iliyokazwa huongeza usumbufu.

"Ukikataa sindano ya mgongo mara nyingine utakuwa salama." Kumbuka kwamba ganzi ya usingizi nayo ina hatari zake, na kwa mjamzito nyingine ni nzito kuliko kuumwa na kichwa. Jambo la busara ni kumweleza mtaalamu yaliyokupata mara ya kwanza ili achague sindano inayofaa.

Dalili zinazotaka urudi hospitalini leo hii

Si kila maumivu ya kichwa baada ya kujifungua au kupasuliwa yanatokana na sindano. Shinikizo la damu la ujauzito linaweza kujitokeza hata baada ya mtoto kuzaliwa, hadi wiki 6. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya ubongo au kuvuja pembeni mwake. Maambukizi yanaweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Yote haya yanaweza kuanza kwa kuumwa na kichwa, na hakuna kidonge cha dukani kinachoyatibu.

Nenda hospitalini mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

• Maumivu ya kichwa ambayo hayapungui hata ukilala, au yaliyokuwa yakipungua na sasa hayapungui tena.
• Kichwa kilichoanza ghafla kwa ukali usio wa kawaida.
• Homa, hasa pamoja na shingo ngumu.
• Degedege, kuchanganyikiwa, au usingizi usio wa kawaida.
• Kuona ukungu, vimulimuli au vitu viwili viwili.
• Mkono au mguu kukosa nguvu, uso kupinda, au ulimi kuwa mzito.
• Uso na mikono kuvimba, au maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia.
• Kushindwa kukojoa, kushindwa kuzuia haja, au miguu kufa ganzi upya.
• Usaha, uvimbe au maumivu makali mahali sindano ilipoingia.

Hata bila dalili hizi, mama yeyote anayeumwa na kichwa katika wiki 6 baada ya kujifungua apimwe presha. Kipimo hicho huchukua dakika chache na kinapatikana hata kwenye zahanati. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza pia kukusaidia kufika kituoni.

Ukifika kituoni, sema hivi

Anayekupokea huenda hakuwa zamu ulipopasuliwa. Akisikia tu "kichwa kinauma" anaweza kukupima malaria na kukupa dawa za maumivu, ukarudi nyumbani. Mweleze mambo manne: siku uliyodungwa sindano ya mgongo, siku maumivu yalipoanza, kama yanapungua ukilala, na dawa zote ulizomeza pamoja na saa ulizozimeza. Beba barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na kijitabu cha mama na mtoto. Ikiwa nafuu haijapatikana baada ya siku mbili za dawa ulizopewa, rudi. Uliza moja kwa moja kama unahitaji kuonwa na mtaalamu wa ganzi.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya zinazoweza kufikiwa, zikiwemo za uzazi, na kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kurudi kuuliza si usumbufu kwa wahudumu.

Kabla ya upasuaji

Yapo ya kufanya hata kabla ya sindano. Mtaalamu anapokuja kukueleza kuhusu ganzi, mwambie kama umewahi kuumwa na kichwa baada ya sindano ya mgongo, kama una kipandauso, na dawa unazotumia, hasa za kufanya damu iwe nyepesi. Unaweza kuuliza sindano itakayotumika ni nyembamba kiasi gani na kama ina ncha ya penseli. Wakati wa kudungwa, kunja mgongo kama unavyoelekezwa na utulie, ili sindano ipite mara moja. Kila jaribio jingine huongeza uwezekano wa tundu jingine. Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza utapiga simu wapi kichwa kikianza.

Kwa familia

Mtu mwenye maumivu haya anaonekana mzima akiwa amelala, na ndiyo maana wengine humdhania mvivu. Akiinuka ndipo anapoumia. Mletee mtoto kitandani anyonye huku mama amelala ubavu. Mwandalie chakula na maji karibu naye, wengine wafue na wateke maji, na asiachwe peke yake na mtoto ikiwa amepewa dawa zinazoleta usingizi. Andika saa za dawa kwenye karatasi ili zisirudiwe kwa bahati mbaya.

Yule mama wa mwanzo hakuhitaji kukisiwa na majirani watatu. Alihitaji presha ipimwe, aulizwe kuhusu sindano, apewe parasetamoli na ibuprofeni kwa saa zake, pengine na kikombe cha kahawa, na aelezwe siku ya kurudi asipopata nafuu. Ukimwona mama mtaani kwako anayeumwa na kichwa baada ya upasuaji, muulize swali moja kabla ya kumtuma mtu dukani: "Ukilala, kinapungua?" Jibu lolote atakalotoa, msindikize kituoni akapimwe. Na kama anasema hakipungui, msisubiri kesho.